Uzi Mwekundu Kwenye Mstari wa Baba

Jumapili, 26 Juni 2005

Daftari hili nimepewa na kampuni ya mbegu niandike hesabu za mbelewele. Ukurasa wa kushoto ni wa kampuni. Wa kulia hawakusema ni wa nani, kwa hiyo ni wangu.

Mume wangu alipokufa mwaka wa tisini na saba, ndugu zake kule Bungoma waliniambia mjane anayekataa kupika busaa, pombe ya matanga, hana shamba kwao. Nilikuja Kitale na panga moja, Emmy akiwa na miaka minane, Nangila akiwa tumboni. Nilikodi robo eka hapa Endebess. Leo nina eka sita na hati imo ndani ya mkebe wa biskuti. Hakuna mtu aliyenishika mkono isipokuwa Mungu, na hata Yeye alinikuta nimeshasimama.

Mwaka huu nimepanda mbegu kwa mara ya kwanza. Mbegu si mahindi ya ugali. Unapanda mistari sita ya mama, miwili ya baba, sita ya mama, miwili ya baba, mpaka mwisho wa shamba. Mama akitoa mbelewele, lile ua la kileleni, unaing'oa kabla haijamwaga unga wake, ili unga wote unaoruka shambani uwe wa baba. Baba haguswi. Ukichelewa, mama anajizalisha mwenyewe na mbegu imeharibika. Ni kazi ya kila siku kwa wiki tatu.

Hiyo "kila siku" ndiyo vita yangu. Sisi ni Wasabato. Jua likitua Ijumaa, shamba langu haliguswi mpaka jua litue Jumamosi. Siligusi mimi, hawaligusi watoto, haligusi kibarua. Amri haikusema "mpumzike isipokuwa mwenye mbegu".

Jambo la pili. Tarehe 20 Agosti kuna makambi ya kanisa kule kwetu Myanga, na Emmy atabatizwa. Ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Jina lake liko kwenye orodha ya Mzee Wakoli, mzee wa kanisa letu. Ni nambari thelathini.

Jumanne, 5 Julai

Mbelewele ya kwanza, mstari wa mama wa tisa. Mimea ya mama niliyo nayo ni elfu themanini na nne.

Alhamisi, 7 Julai

Leo wakulima wote watano wa mbegu tumekutana kwa Hiram, jirani yangu. Mashamba yetu yamepakana, na mahindi ya mtu mwingine yeyote yako mita mia nne kutoka kwetu. Ndiyo sheria, unga wa nje usifike. Lakini wa ndani unafika. Mama zangu wakimwaga, upepo haujui mpaka. Wataharibu na za Hiram.

Hiram ni Mkikuyu wa Nyeri, mzee wa kanisa lake, na ana mdomo.

"Mama Emmy, wewe ni mtu wa hesabu," akaanza. "Mbelewele haisomi kalenda."

"Baba Kiarie, hilo nilijua kabla sijapanda."

"Sasa?"

"Sasa kila Ijumaa nitang'oa za Ijumaa na za Jumamosi."

"Za Jumamosi si hazijatoka!"

"Nitazifuata hukohuko ndani. Nitazivuta pamoja na majani mawili ya juu."

Kila mtu akapiga hesabu kichwani. Mkewe Nyaruai akawa wa kwanza kumaliza. "Ukitoa majani mawili unapoteza gunia moja kwa kila ishirini."

"Gunia ni langu."

"Lakini si sisi tukuletee vibarua Jumamosi, bure kabisa," Hiram akasema. "Wewe uko kanisani. Hujaona kitu."

"Na Mungu?"

"Mungu wako anapumzika Jumamosi, wangu Jumapili. Wakipishana hivyo, nani anachunga hii Endebess?"

Wakacheka. Nilicheka pia, kisha nikawaambia: mkaguzi atahesabu mimea elfu moja kwangu. Akipata kumi na moja inayomwaga nimeanguka, na msimu ujao sitarudi kwenye kikao hiki. Akipata kumi au chini, mtu asinitajie Jumamosi tena.

"Huyu mama angekuwa mwanaume tungempa udiwani," mmoja akasema.

"Nipeni hivi nilivyo. Lakini mikutano isiwe Sabato."

Jumapili, 10 Julai

Ijumaa tulimaliza jua likiwa bado kidole kimoja juu ya mlima. Vibarua tisa, mimi, na Emmy baada ya shule. Leo asubuhi nimetembea shamba lote kabla ya chai. Katika mimea elfu moja, inayomwaga ilikuwa mitatu.

Emmy haongei nami tangu jana. Shule yao ilikwenda tamasha la muziki Kitale, na yeye ndiye sauti ya kwanza. Ilikuwa Jumamosi. Nilisema hapana, sikuona sababu ya kulisema mara mbili.

Leo ameongea, akiwa anaosha sufuria.

"Mama, nikiuliza kwa nini, unanipa namba ya amri."

"Kwani namba imebadilika?"

"Amri ziko kumi. Hapa nyumbani tunaishi moja tu."

Nikamwambia asinijibu vile.

"Sijajibu. Nimehesabu. Si wewe ndio ulinifunza kuhesabu? Sina rafiki hata mmoja hapa karibu. Umenipanda mita mia nne kutoka kwa watu. Mimi ni mahindi?"

Nangila akacheka, nikamtuma kuni. Mtoto anayekula kwangu hawezi kunihukumu kwa jembe nililomlishia.

Jumanne, 12 Julai

Mkaguzi amekuja, bwana mmoja anaitwa Kibiwott, mrefu, hacheki. Amehesabu mimea elfu moja. Minne. Akasema, "Nimesikia wewe hufanyi kazi Jumamosi." Nikasema umesikia vizuri. Akaandika.

Jumatano, 13 Julai

Mvua ya mawe saa tisa, dakika kumi tu. Imelaza alizeti zote za upande wa chini. Alizeti hizo nilizipanda mwishoni mwa kila mstari wa baba ili kibarua asikosee. Nitaweka vijiti kesho.

Alhamisi, 14 Julai

Mvua. Vijiti bado.

Ijumaa, 15 Julai

Tumemaliza kwa wakati. Upande wa chini mbelewele bado chache, tulipanda mwisho huko.

Jumatano, 20 Julai

Sasa ndiyo kilele. Kwa siku moja mama kumi na tano katika kila mia wanatoa. Hiyo ni mimea elfu kumi na mbili na mia sita, kila siku. Vidole vyangu vinanuka maji ya mahindi hata nikinawa kwa sabuni ya kipande. Vibarua wawili wamekwenda kwa Hiram kwa sababu kwake Jumamosi kuna kazi. Siwalaumu, nimewafuta tu.

Jumapili, 24 Julai

Leo naandika kirefu. Niko na hasira na ninataka zote ziwe mahali pamoja.

Ijumaa saa kumi tulikuwa tumebakiza eka moja na nusu, upande wa chini. Vibarua saba, mimi, Emmy, hata Nangila. Ninayo desturi moja: kila mwenye kuongoza kikundi anafunga uzi kwenye mmea wa mwisho anapoacha, tusirudie mstari wala kuruka. Wangu ni mwekundu, wa Emmy ni wa samawati. Nikawagawanya. Nikasema, "Leo hakuna kuangalia nyuma, angalieni jua." Tukakimbia. Tulitoka shambani jua likibusu mlima, na nilihisi nimeshinda. Nilioga nikiimba.

Jana tulipotoka kanisani tukapita kando ya shamba la chini. Hiram alikuwa kwenye mpaka na watu wake. Hakunitania. Aliniita kwa mkono.

"Mama Emmy, angalia hapa. Hawa si wababa?"

Mistari minne ya baba. Yote imeng'olewa, safi, kama kuku aliyenyonyolewa. Na mama wa pande zote mbili wamesimama na ndevu zimetoka, zinangoja unga ambao hauko.

Vibarua wa Hiram walikuwa wanatazama. Nikamgeukia Emmy.

"Ni wewe ulikuwa huku."

"Sio mimi. Mimi nilikuwa kule kwa mti wa msandali."

"Ulikuwa huku na kikundi chako. Umefanya makusudi. Kwa sababu ya nyimbo zako."

"Mama, si—"

"Mtu ambaye hataki Sabato hawezi kufanya kazi ya kukimbilia Sabato."

Niliyasema hayo mbele ya watu, siku ya Sabato, na Biblia mkononi. Emmy hakulia. Alinitazama vile mama yangu hunitazama. Hiram akakohoa, akasema taratibu, "Mama, mahindi yamekosea, mtoto hajakosea bado." Nikamwambia achunge wake.

Jioni Mzee Wakoli alipita kutusalimu, nikamweleza yote. Alisikitika. Akasema mtoto wa namna hiyo lazima atubu kwanza ndipo aingie majini.

Leo asubuhi Emmy hakuwa kitandani, ingawa shule yao imefungwa Ijumaa na hana pa kuwahi. Nilimkuta shambani, na Nangila nyuma yake na kikapu. Walikuwa na bahasha za kaki za shule. Emmy anakwenda kwa wababa wa juu walio wazima, anatikisa mbelewele ndani ya bahasha mpaka unga unajaa chini, anakimbia mpaka upande wa chini, anaunyunyiza kwenye ndevu za mama, mmoja baada ya mwingine. Unga wa baba unafaa asubuhi tu, kuanzia saa mbili mpaka kama saa tano, halafu jua linauua. Alikuwa amelowa umande mpaka kiunoni.

Nikasema, "Kama hukukosea, unatengeneza nini?"

Hakusimama. "Ndevu hazijui nani alikosea."

Jumatatu, 25 Julai

Kibiwott amehesabu. Saba. Ameona ule upande wa chini, akasema kasoro hiyo haiharibu mbegu, itakuwa tu magunzi yenye mapengo. "Nani anawatembelea kwa bahasha?" Nikasema, binti yangu. Akatabasamu mara ya kwanza.

Jumanne, 26 Julai

Nimekwenda upande wa chini peke yangu, kuweka vile vijiti. Ndiyo, ni leo, siku kumi na tatu baada ya mvua ya mawe.

Kwenye mwisho wa mstari wa nne wa baba, kwenye bua lenyewe, kuna uzi.

Ni mwekundu.

Nimetembea mpaka kwenye mti wa msandali. Uzi wa samawati uko pale, mstari wa mama, mahali sahihi, pale aliposema.

Nimeufungua ule mwekundu nikautia hapa katikati ya kurasa.

Jumatano, 27 Julai

Mvua nyepesi. Emmy amemaliza mstari wa mama wa tatu kwa bahasha. Sijasema.

Ijumaa, 29 Julai

Hesabu: makosa ni mawili. La kwanza ni la mawe, si langu. La pili ni la kuharakisha, na nani aliniharakisha? Kama dunia ingeheshimu Sabato nisingekimbia. Nimeisoma hesabu hii mara tatu na kila mara inakataa kutoka.

Sijasema.

Jumatano, 3 Agosti

Kibiwott, mara ya tatu na ya mwisho. Mitatu. Jumla kumi na minne, na mpaka wa jumla ni ishirini. Shamba limepita! Eka sita za mjane, na Jumamosi zote zimekaa mahali pake! Hiram amekuja na mkungu wa ndizi. "Nimekubali," akasema. "Mungu wako anajua hesabu." Watu wakanipongeza kwa imani.

Emmy alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ya manjano. Amefikia mstari wa tano. Ndevu zimekauka, hakuna la kufanya tena. Akasema, "Hongera, Mama," akaingia ndani.

Sijasema. Uzi upo.

Jumatatu, 15 Agosti

Myanga. Makambi yameanza jana. Hema ni kubwa, watu kama mia nane, tumelala kwa mama yangu. Watoto wanamwita Kukhu, Kukhu Nasambu. Ana miaka sabini na tatu na bado anabeba maji mwenyewe, ukijaribu kumsaidia anakuuliza kama amekufa.

Alhamisi, 18 Agosti

Leo tulikuwa tunachambua mboga na Kukhu. Akaniuliza kwa nini mtoto amekonda. Nikamwambia ni mambo ya ubatizo, anakaidi, kesho wazee wanawahoji na sijui atasema nini.

"Unataka kumlazimisha?"

"Sitaki kumlazimisha. Nataka akubali."

"Ee. Wewe ulibatizwa na miaka mingapi?"

Nikachukua jani lingine, kwa sababu anajua.

"Ishirini na tatu," akajijibu. "Na kumi na sita ulikuwa wapi siku ya Sabato?"

Nilikuwa Malakisi. Kila Jumamosi nilitoroka kwenda kufunga majani ya tumbaku kwa watu, nipate pesa ya sketi. Tumbaku, ambayo kanisa halikutaka hata tuiguse! Nilirudi jioni nikinuka kama bohari.

"Nilikufuata?" Kukhu akauliza.

"Hapana."

"Nilikusema kwa wazee?"

"Hapana, Mama."

"Nilikufanyia nini?"

Ugali na mboga, chini ya sufuria iliyofunikwa, umevikwa kitambaa usipoe. Kila Jumamosi, miaka saba. Hakuwahi kuniuliza nimetoka wapi. Nilikuwa nakula peke yangu kwenye jiko huku wao wakiimba wimbo wa kufunga Sabato kule sebuleni, na nilichukia ule wimbo kwa sababu nilikuwa naujua wote.

"Basi," Kukhu akasema, akaendelea kuchambua. "Mtoto hasukumwi kwa maji kama ng'ombe ya dipu. Ng'ombe ya dipu inatoka upande ule mwingine na kupe zimekufa, lakini haijui ilienda kufanya nini."

Jumapili, 21 Agosti

Hii ni ya Ijumaa. Nilitaka kuiandika Ijumaa ileile lakini jua lilinitangulia.

Saa nane wazee waliketi mbele, ndani ya hema, na watakaobatizwa wakapanga mstari. Ni thelathini. Wazazi tulikaa nyuma yao. Mzee Wakoli alikuwa na orodha yake, na kalamu mbili mfukoni. Anauliza kila mtu: unaamini hiki, unaamini kile, unaacha hiki. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Anatia alama.

Ikafika thelathini.

"Emmy," akasema, na sauti ikawa ya upole wa kutisha. "Kabla ya maswali, tunajua kuna jambo kule nyumbani. Shamba la mama yako. Mistari ya baba. Ulifanya kwa hasira dhidi ya siku ya Bwana. Hatukuhukumu. Tubu tu hapa mbele ya kanisa, halafu tuendelee."

Emmy akasema, "Hapana."

"Hapana nini?"

"Siwezi kutubu kitu sijafanya. Nikidanganya leo ndio niingie maji kesho, si hayo maji yatakuwa ya uongo?"

Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Watoto wa siku hizi, wuui." Mzee Wakoli akanitazama, akitaka nimsaidie. Ni mimi niliyempa yale maneno. Alikuwa anayarudisha tu kwa mwenyewe.

Nilikuwa nimeubeba uzi. Sijui kwa nini niliutoa kwenye daftari nikautia ndani ya Biblia. Nikasimama.

"Mzee, ni mimi."

"Mama Emmy, keti, tutakupa nafasi."

"Nafasi ninayo. Ule mstari niliung'oa mimi. Huu hapa uzi wangu, nilioufunga mimi kwenye bua la baba nikidhani ni mama, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye jua badala ya kwenye kazi. Alizeti zilianguka, sikuweka vijiti. Niliujua ukweli huu tangu tarehe ishirini na sita mwezi uliopita. Siku ishirini na nne nimekula meza moja na huyu mtoto nikimwacha abebe kosa langu. Na yeye, akijua hakukosea, alitembea shamba hilo kwa bahasha asubuhi kumi na moja. Sabato hakwenda. Hakuna aliyemkataza, nilikuwa hata siongei naye. Hakwenda tu."

Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga. Nilikuwa nimelihesabu bila kujua: kuanzia Jumapili ishirini na nne mpaka Jumatano ya tatu ni siku kumi na moja, na Jumamosi moja ndani yake. Kwa hiyo ni kumi. Nikasahihisha palepale mbele ya watu, "Asubuhi kumi, Mzee. Ya kumi na moja ilikuwa Sabato."

Mtu akacheka. Nadhani alikuwa Kukhu.

Nikamgeukia Emmy. Kiswahili chote kilinitoka. Nikamwambia kwa Kibukusu, mbele ya watu mia na kitu, kwamba nimemkosea, na kwamba nilimkosea mbele za watu kwa hiyo namwomba msamaha mbele za watu. Alitazama chini. Kidole chake kikashika ncha ya ule uzi, kikauachia.

Mzee Wakoli akafuta miwani. "Basi Bwana asifiwe. Jambo limekwisha. Emmy, sasa unaweza kujibu maswali. Tuko thelathini kamili."

Emmy akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, naomba nisibatizwe kesho. Siyo kwa hasira. Sijui tu kama hiyo ndiyo itakuwa ni yangu ama ni ya Mama."

"Lakini mtoto wangu, orodha imekwenda mpaka kwa mchungaji. Thelathini. Mama Emmy, ongea na binti yako."

Miezi miwili iliyopita ningeongea. Ningemvika gauni la ubatizo mwenyewe.

"Nimeshaongea naye," nikasema. "Andika ishirini na tisa."

"Mama Emmy—"

"Mzee, mimi na wewe tunapenda namba iliyonyooka, ndiyo maana tunapatana. Lakini wakulima wanne na kampuni nzima walitaka nivunje Sabato sikuvunja. Usidhani nitamvunja mtoto kwa ajili ya orodha. Andika ishirini na tisa. Kama mchungaji anauliza ya thelathini iko wapi, mwambie bado iko shambani."

Tukatoka. Kukhu alikuwa mbele yetu tayari, na fimbo yake, akisema kwa sauti kila mtu asikie kwamba ana njaa.

Jana tulikwenda mtoni kuwatazama wale ishirini na tisa. Emmy alikuja mwenyewe, sikumwita. Wimbo ulipoanza aliimba sauti ya kwanza, na wale waliomgunia Ijumaa wakageuka kutazama ni nani.

Jumanne, 13 Septemba

Shule. Mahindi yanakauka. Hakuna jipya, isipokuwa Emmy amelalamika chumvi.

Jumapili, 2 Oktoba

Hiram ameniuliza kama mwaka ujao nitapanda mbegu tena. Nikamwambia ndiyo, eka sita, na Ijumaa nitaanza upande wa chini nikiwa na akili, na vijiti vya mti, siyo maua. Akasema, "Na Sabato?" Nikamtazama. Akasema, "Nilikuwa naulizia tu afya yake."

Jumatano, 26 Oktoba

Tumevuna eka nne.

Ijumaa, 28 Oktoba

Leo upande wa chini. Nimewaambia vibarua wasichanganye magunzi ya mistari kumi na miwili iliyopakana na wale wababa wanne; wayalundike peke yake, kila mstari na lundo lake. Hiyo si kazi ya kampuni, ni yangu.

Nimeketi kwenye gunia nikahesabu punje. Mistari saba ambayo bahasha haikufika: nimechukua magunzi kumi, wastani ni punje mia moja na tisa, zimetawanyika kama meno ya mzee. Mistari mitano ya Emmy: magunzi kumi, wastani mia nne na sabini na sita. Gunzi zima shambani kwangu ni kama mia tano na thelathini. Nimemwita Emmy nikamwonyesha namba.

Akaziangalia. "Kumbe zilishika."

"Zilishika."

"Mimi nilidhani nafanya tu." Akachukua gunzi moja la kwake, akalizungusha. "Mama, ile ya maji. Nimekuwa nikifikiria. Labda—"

Nikainua kalamu.

"Usiandike," akasema. "Ukiandika tarehe utaanza kuhesabu siku."

Kwa hiyo sikuandika, na hapa siandiki alichosema baada ya hapo, ingawa nakikumbuka neno kwa neno. Ni cha kwake. Ugali wa kesho ameshaupika, na kuni za kesho ameshazileta, naye hakutumwa. Nimeona sufuria imefunikwa na kitambaa nikageuza uso.

Yamebaki malundo mawili ya kuhesabu magunzi yake. La sita lina magunzi mia mbili na arobaini na tatu, na la saba, kama nimeona vizuri, lina mia mbili na

Emmy yuko mlangoni. Anasema, "Mama, funga. Jua limetua."

Nimefunga.